Kubadili machujio ya mafuta na kutoa hewa kwenye injini ya dizeli ya boti: mwongozo kamili kwa wenye boti wa Ziwa Kivu

Wasomaji wengi wananiletea lalamiko lile lile. Wamebadili filtri, yaani machujio, za mazutu (dizeli) asubuhi, injini imewaka vizuri pale bandarini Goma, wamepakia abiria na mizigo ya Idjwi au Minova, kisha baada ya dakika chache sauti ya injini imeanza kupanda na kushuka, na mwishowe injini imezima katikati ya maji. Wametoa hewa, imewaka, imezima tena. Wengine wametoa hewa mara nne kwa siku moja, halafu wakanunua pampu mpya ambayo hawakuihitaji.

Karibu wote wanajua kutoa hewa. Wasichokifanya ni kutafuta mlango ambao hewa hiyo imeingilia, na mara nyingi mlango huo wameufungua wao wenyewe walipokuwa wakibadili filtri.

## Injini inayohusika

Mwongozo huu ni wa injini za dizeli za kawaida, zenye pampu ya nozeli inayozungushwa na injini yenyewe, ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya majini au zimetolewa kwenye gari na kufungwa katika boti. Ikiwa injini yako ni ya kisasa, inayoongozwa na kompyuta, usifuate kabisa hatua ya 6 na ya 7. Shinikizo la mafuta katika mabomba ya injini hizo hupita bar 1,000, na nati iliyolegezwa mahali pasipofaa inaweza kuupasua mkono.

Mafuta hutoka tangini, hupita chujio la kwanza lenye kikombe cha kutenga maji, huvutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, husukumwa hadi chujio la pili, huingia pampu ya nozeli, kisha hupigwa kwa nguvu hadi kwenye nozeli, ambazo mafundi wetu huziita enjekteri, zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Kabla ya pampu ndogo mafuta yanavutwa. Baada yake yanasukumwa. Tundu lililo upande wa kusukumwa hujionyesha kwa tone la mafuta. Tundu lililo upande wa kuvutwa halidondoshi kitu injini inapofanya kazi. Linanyonya hewa kimya kimya, na kwa nje pamekauka kabisa. Fundi anayetafuta uvujaji kwa kupapasa na kidole atalipita hata mara kumi.

## Vitu vya kuandaa

- Chujio la kwanza na chujio la pili, yote mapya, pamoja na mipira yake ya kuzibia. Yalinganishe na ya zamani ukiwa bado dukani: upana, hesi na unene wa mpira.
- Washa mpya za shaba kwa kila skrubu utakayofungua. Zikikosekana, zichome za zamani hadi ziwe nyekundu, kisha uziache zipoe. Shaba iliyochomwa hulainika na kuziba tena. Isiyochomwa imeshakuwa ngumu na haizibi.
- Spana kuanzia namba 8 hadi 19, bisibisi, na mkanda wa kufungulia chujio.
- Mafuta safi lita 5 hivi, yaliyotulia tangu jana.
- Chupa ya kioo au ya plastiki angavu ya kupokelea mafuta, ili uyaone.
- Kipande kifupi cha bomba la plastiki angavu lisiloharibiwa na dizeli, lenye kipenyo sawa na bomba lako la mafuta, pamoja na vibano viwili. Hiki ni cha kupimia tu.
- Beseni, vitambaa visivyotoa nyuzi, tochi, miwani ya kukinga macho na kalamu ya rangi isiyofutika.

Jambo moja kuhusu hayo mafuta yaliyotulia. Wengi wetu tunanunua mazutu katika bidoni za manjano za lita 20, ambazo zimepita mikono mingi na pengine jana zilibeba maji. Weka bidoni mahali pasipotikisika usiku kucha, asubuhi uimimine polepole bila kuitingisha, na uache lita ya mwisho ndani yake. Lita hiyo ndiyo yenye maji na uchafu. Anayeona uchungu kuiacha atailipia mara nyingi zaidi kwa nozeli.

## Kabla ya kushika spana

Zima injini, iache ipoe, ondoa waya hasi wa betri, fungua mlango wa chumba cha injini hewa ipite, na umwombe anayevuta sigara asogee mbali. Funga koki ya tangi. Mafuta machafu yaende kwenye dumu na kurudi nayo nchi kavu. Usiyamwage kwenye ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, kwa sababu pampu ya kutolea maji itayapeleka ziwani, na mita chache kutoka hapo kuna watu wanateka maji ya nyumbani.

## Hatua ya 1: Osha nje kabla ya kufungua

Futa kichwa cha kila chujio, kila skrubu na kila kiungo, kwa kitambaa na dizeli kidogo. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vinavyosugana ndani ya pampu ya nozeli ni ya elfu chache tu za milimita. Punje ya mchanga mweusi wa lava, ule unaoingia na viatu vya kila abiria wa Goma, ikiangukia upande wa ndani wa chujio haitazuiwa na kitu kingine mbele yake.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kupitisha kitambaa cheupe kwenye kiungo na kikabaki cheupe.

## Hatua ya 2: Fungua kikombe cha chini na usome kilichomo

Weka chupa angavu chini ya chujio la kwanza, fungua kizibo cha chini, toa robo lita hivi na uache itulie dakika 5. Hatua hii watu wanaipita haraka, nami naiona kuwa yenye faida kuliko zote, kwa kuwa hapo tangi linakueleza hali yake.

Ukiona mstari safi unaogawa chupa, chini maji na juu mafuta, basi maji yameingia. Kidogo kama kijiko ni jambo la kawaida: tangi lililobaki nusu tupu usiku hutoa jasho ndani, hasa hapa kwetu ambapo ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na usiku una baridi. Yakifika robo ya chupa, tafuta kwanza kifuniko cha tangi kisichoziba au bidoni yenye maji, la sivyo filtri mpya itakufa kabla ya Jumapili.

Mafuta yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, maji yamechanganyika nayo na hayajatulia. Yape muda zaidi.

Ukiona utelezi mweusi au wa kahawia unaovutika kama kamasi, hao ni vijidudu vinavyoota mahali ambapo maji na mafuta hukutana. Hapo kubadili filtri ni kupoteza fedha. Tangi litolewe mafuta, lifunguliwe na lisuguliwe ndani. Utelezi huo ukibaki, siku upepo wa mchana utakapoinua mawimbi utatikisika, utapanda na kuziba bomba la kuvutia. Ndiyo sababu boti inayotembea vizuri asubuhi ziwa likiwa shwari huzima alasiri mawimbi yanapopiga, mahali pabaya kuliko pote.

## Hatua ya 3: Badilisha chujio la kwanza

Fungua chujio la zamani juu ya beseni. Sasa simama, washa tochi, na uangalie kichwa cha chujio kwa chini. Je, mpira wa zamani umetoka pamoja na chujio, au umebaki umeganda juu?

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigharimu siku mbili. Nilikuwa nimebadili filtri mwenyewe, na injini ikawa inazima kila baada ya dakika 12 hivi. Nilitoa hewa mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge. Fundi mzee wa bandarini, badala ya kugusa pampu, alikivua chujio changu kipya, akaingiza ukucha kwenye mfuo wa kichwa cha chujio na kuvuta mpira mweusi mwembamba, bapa kama uzi wa kiatu. Mpira wa zamani ulikuwa umebaki juu, nami nikaufunga ule mpya juu yake. Mipira miwili ikipandana haikai sawa. Hupisha hewa bila kudondosha hata tone.

Kwa hiyo, ondoa mpira wa zamani, safisha mfuo wake, paka mpira mpya dizeli safi kidogo, kisha funga chujio kwa mkono hadi mpira uguse, halafu ongeza robo tatu za mzunguko. Usitumie spana kukaza. Mpira uliobanwa kupita kiasi hukunjika na kutoka nje ya mfuo wake, na hapo umerudi kwenye tatizo lile lile. Funga pia kizibo cha chini cha kikombe, kikiwa na mpira wake.

Chujio hili la kwanza unaweza kulijaza mafuta safi kabla ya kulifunga, maana kuna chujio lingine mbele yake.

## Hatua ya 4: Badilisha chujio la pili, bila kulijaza

Utaratibu ni ule ule, na mpira uuangalie kwa jicho lile lile, isipokuwa chujio hili usilijaze kwa kumimina. Mafuta yakimiminwa katika tundu la katikati huwa tayari upande uliochujwa, na uchafu wowote wa bidoni utakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli. Liache tupu. Pampu ndogo italijaza, hata kama utachoka kidogo.

## Hatua ya 5: Jaza chujio la pili kwa mkono

Fungua koki ya tangi. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya kichwa cha chujio la pili, mizunguko miwili tu, na uweke kitambaa chini yake. Kisha pampu kwa wenzo mdogo ulio kwenye ile pampu ndogo ya kuvutia, juu na chini, kwa subira. Kwanza itatoka hewa tupu, baadaye povu, kisha mafuta yenye viputo, na mwishowe mafuta matupu.

Wenzo ukiwa mwepesi mno na hausukumi kitu, usidhani pampu imekufa. Huenda kemu, ile nundu inayozunguka ndani ya injini na kuisukuma pampu, imesimama mahali ilipoikandamiza pampu hiyo, kwa hiyo mkono wako hauna nafasi ya kufanya kazi. Zungusha puli ya mbele ya injini mzunguko mmoja kwa spana, kisha jaribu tena. Nimeona pampu nzima ikitupwa kwa sababu ya jambo hili dogo.

Kaza skrubu wakati bado unapampu na mafuta yanatoka, ili hewa isipate nafasi ya kurudi. Kaza kwa kiasi, kwani skrubu hizi ndogo hukatika, na iliyokatika kichwani mwa chujio hutolewa karakana tu.

Umefanikiwa ikiwa mafuta yametoka bila kiputo hata kimoja kwa mapigo 10 mfululizo, na wenzo umekuwa mzito mkononi.

## Hatua ya 6: Pampu ya nozeli

Tafuta skrubu ya kutolea hewa ubavuni mwa pampu ya nozeli; baadhi ya pampu zina mbili, ya chini na ya juu. Anza na ya chini, malizia na ya juu, kwa kuwa hewa hupanda. Pampu kwa mkono kama awali, kaza mafuta yakiwa yanatoka. Ukikosea ukalegeza skrubu iliyopigwa lakiri au rangi ya kiwandani, umegusa marekebisho ya pampu. Hizo usiziguse.

## Hatua ya 7: Mabomba ya nozeli

Funga kwanza koki ya maji ya ziwa ikiwa maji ya kupozea injini yako hutokea kwenye bomba la moshi. Stata inapozungusha injini isiyowaka, pampu ya maji huendelea kusukuma maji, ilhali hakuna moshi wa kuyatoa nje. Maji hayo hujaa katika bomba la moshi na yanaweza kurudi ndani ya silinda, na maji hayabanwi: yatapinda chuma.

Rudisha waya wa betri. Hakikisha kebo ya kuzimia imerudishwa ndani na mkono wa mafuta umefunguliwa hadi mwisho. Ukiisahau kebo hiyo, utazungusha stata mpaka betri iishe.

Vaa miwani. Legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, mzunguko mmoja tu kila moja. Zungusha stata kwa sekunde 10, pumzika dakika nzima, rudia. Stata haikutengenezwa kwa kazi ndefu. Ikiunguza kidole, iache ipoe. Mafuta yanapoanza kuchuruzika kwa mapigo kwenye kila nati, kaza zote na ufute zikauke.

Onyo ambalo nisingependa yeyote alichukulie kirahisi: usiweke kidole wala kiganja mbele ya mafuta yanayorushwa na nozeli au na bomba lenye ufa. Mafuta yaliyo katika shinikizo hilo hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, na mwanzoni huenda lisiume; hata hivyo mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aelezwe wazi kwamba ni dizeli imeingia mwilini. Akisubiri kesho anaweza kupoteza mkono.

## Hatua ya 8: Washa, na usiondoke bandarini

Washa injini. Ikishika tu, fungua koki ya maji mara moja na uangalie kama maji yanatoka nyuma. Itagugumia kidogo kisha itulie.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Injini ikiwa haina mzigo hutumia mafuta kidogo sana, na mafuta yaliyojaa katika machujio mawili yanaweza kuilisha dakika nyingi huku hewa ikikusanyika taratibu juu ya chujio. Dakika 5 za kutulia bandarini hazithibitishi kitu. Funga boti kwa kamba imara mbele na nyuma, hakikisha hakuna mtoto anayeogelea upande wa panga (rafadha inayosukuma boti), ingiza gia, na uiache ivute kwa nguvu ya wastani kwa dakika 30.

Umefanikiwa ikiwa sauti imebaki ile ile kwa nusu saa yote, na baada ya kuzima, ukilegeza tena skrubu ya chujio la pili na kupampu, yanatoka mafuta matupu tangu pigo la kwanza. Kikitoka kiputo, bado kuna mlango wazi, na usipakie mtu.

## Ikizima tena: kutafuta mlango wa hewa

Usianze kufungua ovyo. Gawanya njia katika vipande viwili. Chukua dumu dogo la mafuta safi, lifunge imara juu zaidi ya injini, na utoe bomba kutoka humo moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa pampu ndogo. Toa hewa upya, washa. Ikifanya kazi nusu saa bila kuyumba, basi pampu ndogo na vyote vilivyo mbele yake havina kosa, na tatizo liko kati ya tangi na pampu hiyo. Ikizima, angalia pampu ndogo yenyewe, chujio la pili na washa zake.

Tatizo likiwa upande wa tangi, unganisha kile kipande cha bomba angavu karibu na pampu ndogo na utazame kwa tochi injini ikifanya kazi. Viputo vikipita, sogeza kipande hicho nyuma, upande wa tangi, kiungo kimoja baada ya kingine. Mahali ambapo mbele yake kuna viputo na nyuma yake hakuna, ndipo penye tundu. Ukishalipata, ondoa bomba angavu na urudishe la kudumu, kwani plastiki hiyo haifai kuachwa karibu na injini ya moto.

Penye makosa zaidi, kwa nilivyoona, ni mpira wa chujio la kwanza, kizibo cha kikombe chake, na ncha ya bomba la mpira lililozeeka chini ya kibano. Ncha hiyo ikiwa imepasuka, usiikaze zaidi. Ikate sentimita 3 na uifunge upya.

Ikiwa hakuna kiputo na bado injini inafifia, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kikivuta pumzi, na injini ikapata nguvu hapo hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba, mara nyingi kwa rangi au kwa kiota cha nyigu. Mafuta hayawezi kutoka mahali ambapo hewa haiingii.

Moshi nao husema. Ukizungusha stata na hakuna moshi wowote, mafuta hayajafika kwenye silinda: rudi hatua ya 5. Moshi mweupe unaonuka dizeli maana yake mafuta yamefika lakini hayajawaka, basi tatizo ni baridi, betri dhaifu au injini iliyochoka. Moshi mweusi hautokani na hewa kwenye mafuta hata kidogo. Ni mzigo mkubwa, chujio la hewa lililoziba, au panga kubwa kuliko uwezo wa injini. Kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo injini iliyopimwa usawa wa bahari itatoa moshi mweusi mapema zaidi ikikamuliwa hadi mwisho.

## Baada ya safari ya kwanza

Vitabu vingi vya injini huagiza kubadili machujio ya mafuta kila saa 200 hadi 250. Anayejaza kwa bidoni asisubiri hapo. Mimi hubadili la kwanza kila saa 100, na maji huyatoa kwenye kikombe kila asubuhi kabla stata haijaguswa, wakati maji bado yametulia chini.

Ukirudi kutoka safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa, pitia kila skrubu na kila kibano ulichogusa, kwa kuwa mtikisiko na joto hulegeza kilichokazwa asubuhi. Pitisha kitambaa kikavu kwenye nati za nozeli. Kikilowa, kaza kidogo. Kisha chukua kalamu ya rangi, uandike juu ya kila chujio tarehe na idadi ya saa za injini, kwa herufi kubwa ambazo hata msaidizi wako atazisoma kwa tochi usiku.